Namna ya Kuandika Wasifu wa Mbunge wa Marekani: Mfano wa Barbara Jordan

Unapoandika wasifu wa mbunge wa Marekani aliyepitia bunge la jimbo kabla ya kufika Washington, usianze na hotuba iliyompa jina. Anza na mipaka ya eneo alilogombea. Barbara Jordan, binti wa mchungaji wa Kibaptisti aliyezaliwa Houston, Texas, mwaka 1936 na kuhitimu sheria Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1959, anafaa sana kwa mfano.

Orodhesha kila uchaguzi, hata ule alioshindwa. Jordan aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1962 na 1964, akaanguka mara zote mbili. Mwandishi mwenye haraka atasema hakuwa akijulikana, lakini atakayefungua ramani ataona kwamba wagombea wa kaunti ya Harris walipigiwa kura na kaunti nzima, ambamo Weusi walikuwa wachache, kwa hiyo kura za mitaa yao zilimezwa. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba viti vya mabunge ya majimbo vigawanywe kwa kufuata idadi ya watu. Mipaka ikachorwa upya, na mwaka 1966 Jordan akashinda kiti cha Seneti ya Texas, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuingia humo tangu 1883.

Tarehe zinahitaji uangalifu. Alichaguliwa kwenda Baraza la Wawakilishi la Marekani Novemba 1972, akaanza kazi Januari 1973, akatumikia vipindi vitatu vya miaka miwili miwili. Utakutana pia na habari kwamba alikuwa gavana wa Texas kwa siku moja, tarehe 10 Juni 1972. Ni kweli, ila ilikuwa heshima ya kimila zaidi kuliko madaraka. Sentensi moja inatosha.

Kisha tafuta kamati yake, na aliyemsaidia kuipata. Rais mstaafu Lyndon Johnson, Mtexas mwenzake, alimwombea nafasi katika Kamati ya Sheria, na ni humo, tarehe 25 Julai 1974, kamati ikijadili kumshtaki Rais Nixon bungeni ili aondolewe madarakani, Jordan aliposema mbele ya televisheni kwamba Katiba ilipokamilika mwaka 1787, maneno yake ya kwanza, “Sisi Wananchi”, hayakumhusu mtu kama yeye. Isome hotuba hiyo pamoja na kazi yake ya mwaka 1975, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilipopanuliwa kuwalinda wapiga kura wanaozungumza Kihispania, wa Texas wakiwamo.

Usiitafute hotuba hiyo katika kumbukumbu za kila siku za vikao vya Kongresi, kwa sababu mijadala ya kamati huchapishwa peke yake. Kwa yale aliyoyasema ukumbini, tumia kumbukumbu hizo kwa tahadhari, maana wabunge huruhusiwa kurekebisha maneno yao kabla hayajachapishwa.