Mambo ya kuzingatia kabla ya kuingia ziwani usiku: kusoma anga ya Kigoma

Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika anayetoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, jua likizama hana budi kuamua kutoka au kubaki angali mchangani, kwa maana taa zikishawashwa na wavu ukishazama, ni vigumu mno kukubali kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo aanze kuiangalia anga tangu alasiri, akiwa amekwisha kusikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwani dalili za macho hueleza saa chache zijazo tu.

Kwanza atazame ng'ambo. Ikiwa milima ya Kongo ilionekana vizuri, kisha sehemu yake ikafunikwa na pazia la kijivu, mvua inanyesha upande huo. Atazame tena baada ya robo saa aone kama pazia linapanuka. Dalili hii hufaa wakati wa masika, takriban Novemba hadi Aprili, maana kiangazi moshi wa mioto ya nyika huificha milima hiyo pasipo tone la mvua. Wingu linalopanda juu kama kichuguu, kisha kilele chake kikatandaa kama uyoga, ni wingu la radi. Umeme ukimulika, ahesabu sekunde hadi ngurumo isikike, agawe kwa 3, atapata umbali kwa kilomita. Sekunde zikiwa 30 au pungufu, asitoke.

Upepo ndio unaodanganya zaidi. Ghuba ya Kigoma ina kinga ya rasi ya Bangwe, hivyo maji yanaweza kutulia kama ya kwenye beseni ilhali nje ya ghuba upepo wa kusi, ambao hushika nguvu kati ya Mei na Septemba, unavuma juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, lililolala kaskazini hadi kusini, na hivyo una nafasi ndefu ya kukuza mawimbi. Apande mahali pa juu aone maji ya nje. Mawimbi makubwa yakija bila upepo, upepo huo umekwisha kuvuma mbali. Na hewa baridi ikipiga ghafla, moshi wa jiko ukalala chini, hiyo ni hewa iliyoshushwa na mvua ya karibu, zimebaki dakika.

Kumbikumbi mimi siwategemei, kwani mara nyingi huruka mvua ikiwa imekwisha kunyesha. Lakini ukiwaona kina mama wanazoa dagaa walioanikwa mchangani wakati jua bado linawaka, nenda ukawaulize wameona nini.