Kutazama Quantum Leap na wenzako mtaani: namna ya kupata maoni yenye uzito

Ukimwuliza mgeni sebuleni kama amekipenda kipindi, atajibu "iko sawa" na mazungumzo yataishia hapo. Hiyo ni adabu tu, wala si maoni. Quantum Leap, mfululizo wa televisheni ya NBC ya Marekani kuhusu mwanasayansi anayesafiri katika wakati, ulioonyeshwa kuanzia Machi 1989 hadi Mei 1993, una sehemu 97, na ile ya mwisho huwagawanya watazamaji hadi leo. Mwongozo huu unafaa watu 8 hadi 12, sebule moja, jioni nne.

Sehemu za kuonyesha

Usichague zinazosifiwa tu. Chagua zinazoshikana, kwa sababu hukumu ya mwisho hutegemea kilichotangulia.

Jioni ya kwanza weka Genesis, sehemu mbili za ufunguzi. Mwendo wake ni wa polepole, lakini hapo ndipo masharti ya safari yanapofahamika. Dkt. Sam Beckett (Scott Bakula) husafiri ndani ya miaka ya uhai wake tu, huingia katika nafasi ya mtu mwingine, na wote wanaomtazama humwona mtu huyo. Rafikiye Al (Dean Stockwell) humjia kutoka wakati wao kama taswira ya mwanga ambayo watu wazima wengine hawaioni. Asiyeyajua haya atauliza maswali jioni zote nne.

Ya pili ni The Color of Truth na M.I.A. Katika ile ya kwanza Sam yuko Alabama mwaka 1955, katika nafasi ya dereva mweusi mzee, na anaketi kwenye kaunta ya mkahawa wa wazungu bila kufikiri. Tenga muda hapa. Je, ni sawa ujasiri wa mtu mweusi uonyeshwe kupitia kwa mzungu? Katika mji ambao wakoloni waliugawa kwa rangi, hilo ni swali zito, na wazee waliopo huwa na la kusema. Katika M.I.A., Al anataka mkewe Beth azuiwe asimpate mume mwingine wakati Al wa miaka hiyo ni mateka Vietnam. Ukiiruka sehemu hii, mwisho wa mfululizo hautamgusa mtu.

Ya tatu ni The Leap Home, sehemu zote mbili: Sam anarudi nyumbani kwao Indiana mwaka 1969, kisha anakwenda Vietnam kumwokoa kakaye Tom. Ya nne ni Mirror Image, sehemu ya mwisho ya mfululizo, peke yake.

Picha na sauti

Kipindi hiki kilitengenezwa kwa umbo la 4:3 (upana kwa kimo), lakini televisheni za sasa ni 16:9 na nyingi huivuta picha ijaze kioo. Nyuso zinanenepa, watazamaji wanasema "ni ya kizamani", na wewe unaandika lawama inayostahili rimoti yako. Rudisha 4:3 kwenye mpangilio wa picha na uikubali mistari miwili myeusi pembeni. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, herufi A hubadilisha umbo, na D huondoa vile vistari vya mlalo vinavyotokea mtu akikimbia. Ukitumia projekta na shuka jeupe, picha yenye upana wa sentimita 160 iwe na kimo cha 120.

Spika iunganishwe kwa waya na iwekwe karibu na picha, kwa maana Bluetooth huchelewesha sauti. Ikichelewa hata hivyo, J na K kwenye VLC huirekebisha. DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia: za Marekani ni za eneo la 1 na Kenya iko eneo la 5, kwa hiyo ijaribu deki yako siku moja kabla.

Hakiki pia toleo. Katika M.I.A. Al anacheza na Beth huku Ray Charles akiimba Georgia on My Mind. DVD za msimu wa pili zilizotolewa Marekani ziliuondoa wimbo huo na kuweka muziki mwingine. Wawili wanaobishana kama tukio hilo linaliza huenda hawakuona kitu kimoja.

Weka maandishi ya Kiingereza chini ya picha. DJ Afro amewazoesha wengi filamu yenye msimulizi, na ni ufundi wa kweli, lakini hapa atakayefasiri afanye hivyo baada ya sehemu kwisha. Vinginevyo utakusanya maoni juu ya msimulizi.

Anza saa kumi na mbili na nusu, giza linapoingia, ili watu wapate matatu ya kurudi nyumbani kabla ya saa tatu. Chaji laptopu ijae: stima ikipotea mmalizie kwenye kioo chake. Usitoze kiingilio, kwa sababu maonyesho ya umma yanahitaji leseni ya Kenya Film Classification Board na ruhusa ya mwenye filamu.

Karatasi kabla ya mdomo

Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Mzee au mjuaji akishatamka, vijana hufuata. Kwa hiyo gawa nusu karatasi ya A4 kabla ya neno lolote, dakika kumi, bila majina. Kila mtu apewe namba na abaki nayo jioni zote nne, upate kuona nani alibadilika na lini. Usiulize "umependa?" Uliza: ni tukio gani lilikufanya usiamini? Nani alilipa gharama ya mabadiliko? Wewe ungebadilisha nini? Katika The Leap Home swali la pili hukata kweli, kwani Tom anapona lakini mpigapicha Maggie anakufa, na Al anabaki mateka.

Kwa Mirror Image karatasi ziwe mbili. Sam yuko kwenye baa tarehe 8 Agosti 1953, siku aliyozaliwa (mwenye baa anaigizwa na Bruce McGill, aliyekuwemo pia katika Genesis, uliza nani amemtambua). Mwishoni anamwambia Beth kwamba Al yu hai. Picha ya Al ikibaki pekee kwenye kioo, simamisha, waandike. Kisha onyesha maandishi ya mwisho, yanayosema Sam hakurudi nyumbani kamwe, na jina lake likiandikwa "Becket", herufi moja pungufu. Waandike tena. Ukiunganisha karatasi hizo, hasira ya sentensi moja itaifunika hadithi yote.

Soma majibu kwa sauti, kisha mjadala uanze kwa mdogo kuliko wote. Unapoyapanga, tenga yanayohusu picha na sauti, yanayohusu masharti ya safari, na yanayohusu uamuzi wa Sam, na juu ya kila fungu andika toleo mlilolitazama.