Feni ya AC inapuliza namba 4 tu: jinsi ya kutafuta ugonjwa kabla ya kununua spea

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini feni ya AC ni kifaa cha usalama. Anayepanda Isyonje alfajiri ya mwezi wa saba, au anayeshuka Tukuyu mvua ikinyesha, anaitegemea ili aone barabara. Ikigoma, kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani, na dereva anashika usukani kwa mkono mmoja huku wa pili ukifuta kwa kitambaa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "hiyo tutaiangalia siku nyingine".

Ninaandika somo hili kwa sababu gari nyingi ninazoletewa zilishabadilishwa rezista (kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole) na tatizo likarudi. Rezista imeungua, ni kweli. Lakini imeunguzwa na nini? Hapo ndipo kazi ilipo.

Tuelewane kwanza ni feni ipi. Iliyo mbele kwenye rejeta inapoza rejeta na kondensa (kipozeo cha gesi ya AC kilicho mbele ya gari). Gari likisimama kwenye foleni ya Mafiat, Mbeya mjini, AC inapoteza ubaridi, likikimbia ubaridi unarudi, anza kuikagua hiyo ya nje. Leo nazungumzia ya ndani ya dashibodi, ile mafundi tunaiita bloa.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kufungua chochote

Washa swichi ya ufunguo bila kupiga injini, funga vioo, pandisha namba moja moja. Kaa kidogo kwenye kila namba na uweke kiganja kwenye tundu la hewa. Andika unachokipata, maana namba zenyewe zinakuonyesha pa kwenda.

Namba 1, 2 na 3 zimekufa, 4 inafanya: rezista au soketi yake. Kwenye namba 4 umeme hauipitii rezista kabisa, unakwenda moja kwa moja, ndiyo maana inabaki hai.

Namba 1 pekee imekufa: koili (waya uliosokotwa) ya mwisho ya rezista imekatika, au swichi ya feni au waya wa namba 1. Koili zimeungwa kwa mfuatano. Namba 1 inazipitia zote, namba 2 inaacha moja, na kuendelea.

Namba 2 pekee imekufa huku 1 na 3 zikifanya: usinunue rezista. Kama namba 1 inafanya, basi koili zote ni nzima, kwa sababu umeme wake umezipitia zote. Ugonjwa uko kwenye swichi ya feni au kwenye waya wa namba 2. Hapa wengi wanapoteza pesa bure.

Namba 4 imekufa, nyingine zipo: swichi, waya wake, au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kasi ya juu kwa magari yaliyo nayo.

Zote zimekufa: fyuzi, rilei, mota, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), au soketi iliyoyeyuka.

Sauti kubwa lakini hewa kidogo: umeme hauna kosa. Nenda hatua ya 2.

Hatua ya 2: Filta

Toyota nyingi tunazoendesha huku, IST, Noah, Premio, filta ya hewa ya ndani iko nyuma ya droo ya mbele ya abiria. Toa droo, vuta kifuniko, chomoa filta. Gari linalofanya kazi Chunya au Usangu kiangazi, filta inatoka nzito kwa vumbi na manyoya ya nyasi. Ukikuta nafasi iko tupu, ujue vumbi lote limekwenda kukaa kwenye evaporeta (kipozeo cha AC kilicho ndani ya dashibodi).

Filta inahusikaje na rezista? Rezista imewekwa makusudi kwenye njia ya hewa ili ipozwe na feni hiyo hiyo. Chukua mfano: betri ina volti 12, namba 1 mota inabakiwa na volti 4, na umeme unaopita ni amp 4. Zile volti 8 zilizobaki zinaishia kwenye rezista. Nane mara nne ni wati 32, sawa na pasi ndogo ya kulehemu, inachoma ndani ya dashibodi muda wote unaoendesha. Hewa ikipungua, joto halina pa kwenda. Fyuzi ndogo ya joto iliyolehemiwa kwenye rezista inakata, kama ilivyotengenezwa ifanye.

Hatua ya 3: Fyuzi na rilei

Fyuzi ya bloa kwa kawaida imeandikwa HTR au HEATER, mara nyingi amp 30 au 40. Pima kwa taa ya tesa (taa ya kupimia umeme) pande zote mbili za fyuzi, swichi ikiwa ON na feni ikiwa namba 1. Upande mmoja ukiwaka na wa pili usiwake, imekatika. Usiishie kuitazama kwa macho, nyingine zinakatika mahali pasipoonekana. Pande zote zikikosa umeme, tafuta rilei.

Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa amp ile ile. Ukiweka kubwa zaidi, kitakachokatika safari ijayo ni waya, na waya ukishika moto uko nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria.

Hatua ya 4: Pima kwenye mota, soketi ikiwa imechomekwa

Mota iko chini ya droo hiyo hiyo, na mara nyingi ina waya mbili nene. Usichomoe soketi. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi, waya mmoja ncha moja, na wa pili ncha ya pili. Ukipima bila mota kuvuta umeme, mita inaonyesha volti 12 hata kama waya umebakiwa na nyuzi mbili.

Namba 4 usome karibu na volti za betri. Betri ikiwa 12.4 na kwenye mota ukapata 10, kuna mahali umeme unapotelea, na hapo mahali patakuwa pa moto. Ukipata volti kamili na mota haizunguki, mota imekufa, hakuna mjadala.

Usipopata kitu, pima kila waya na bodi ya gari. Toyota nyingi zenye swichi ya kuzungusha, rezista na swichi ziko upande wa ethi. Kwa hiyo waya zote mbili zikisoma volti 12 na mota imesimama, umeme umefika lakini hauna njia ya kurudi: rezista, swichi au ethi. Zote zikisoma sifuri, rudi kwenye fyuzi na rilei. Kwa magari ambayo rezista iko upande wa chanya, sifuri inaweza pia kutoka kwenye rezista, kwa hiyo angalia mchoro wa gari lako kabla ya kuhukumu.

Tahadhari: waya za rangi ya njano chini ya dashibodi ni za eabegi. Usizichome ncha ya tesa wala mita.

Hatua ya 5: Rezista na soketi yake

Rezista imeshikwa na skrubu mbili karibu na mota. Izime feni, subiri ipoe, ndipo utoe. Inusie. Tazama kama koili imekatika au ubao umekuwa mweusi.

Kisha weka mita kwenye ohm. Gusanisha ncha zako kwanza uone mita inasoma ngapi, halafu uitoe hiyo kwenye kila jibu. Rezista nzima inasoma ohm chache tu, na jibu linapungua kwa hatua ukihama mguu hadi mguu. Mita ikiandika OL, imekatika.

Sasa geuza macho kwenye soketi. Mafundi wengi hapa wanapita tu. Plastiki ikiwa imekauka rangi ya kahawia karibu na mguu mmoja, pini imelegea na imekuwa ikichoma. Ukiweka rezista mpya kwenye soketi hiyo, umeiua siku ya kwanza. Kata soketi, weka nyingine yenye waya wake, lehemu vizuri, vika mpira wa joto (unaonywea ukipashwa moto).

Hatua ya 6: Mota inavuta kiasi gani

Hii ndiyo hatua inayozuia gari kurudi. Tumia mita ya kubana yenye uwezo wa kupima DC, bana waya mmoja wa mota, weka namba 4, linganisha na mota nzima ya gari kama hilo. Usiupitishe umeme huu kwenye mita ya kawaida ya amp 10, mota nyingi zinazidi hapo.

Kama huna mita ya kubana, chomoa mota uizungushe kwa kidole. Nzima inazunguka laini na kuendelea kidogo baada ya kuiacha. Ikikwaruza, ikigota, au imejaa majani na viota vya panya, inavuta umeme mwingi na ndiyo inayounguza rezista. Safisha. Ikiwa bushi (vishikio vya mhimili wa mota) zimekwisha, badilisha mota kwanza, rezista iwe ya mwisho.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Niko Makambako, Noah yangu feni inawaka nikipiga teke chini ya dashibodi, kisha inazima. Nibadilishe rilei?*

Marahaba. Rilei usiiguse bado. Inayoitikia kugongwa mara nyingi ni mota, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha hazigusi vizuri. Chomoa uangalie. Kaboni zikipatikana za kipimo chake, badilisha. Zikiwa zimeshakula shingo ya mota (pale kaboni zinapogusa), nunua mota.

*Mkuu, fundi wa hapa Mbalizi amenipigia dairekti (waya wa moja kwa moja bila rezista), feni iko namba 4 muda wote ila inafanya kazi. Kuna madhara?*

Kaka, uliza jambo moja: waya huo umepita kwenye fyuzi? Kama umetoka betri moja kwa moja bila fyuzi, uondoe leo. Kama umepita kwenye fyuzi na rilei ya gari, haina hatari ya haraka, lakini mota inachakaa kwa kukimbia hivyo muda wote. Rezista ni spea ndogo. Irudishe njia yake ya kiwandani.

*Fundi, gari langu ni AC ya kujiongoza. Asubuhi huku Makete nikiweka AUTO feni inapuliza kidogo sana, baada ya dakika kadhaa inapanda yenyewe. Imeharibika?*

Hapana dada, nzima kabisa. Magari mengi ya mfumo huo yanazuia feni mpaka maji ya injini yapate moto, ili usipuliziwe hewa ya baridi. Joto likipanda, feni inapanda.

*Na hizo za AUTO, rezista yake inapimwaje?*

Nyingi hazina rezista ya koili. Zina pawa transista (kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti kasi badala ya rezista) yenye mapezi ya aluminiamu, na nyingine zimejengewa humo humo kwenye mota. Ohm hazikusaidii. Pima waya mwembamba wa amri unaotoka kwenye kontrola: ukiongeza kasi kwenye kitufe, volti zake zibadilike. Zikibadilika na feni haibadiliki, transista imekufa. Ikiungua kwa kushikana ndani, feni inakimbia kasi ya mwisho na haisikii kitufe. Chunguza mota nayo kabla ya kuweka mpya.

*Ndugu fundi, nipo Tukuyu. Mvua ikinyesha sana bloa inalia kama ina maji, halafu fyuzi inakatika.*

Maji yanaingia kweli. Fungua plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele, pale wiper zinapokaa. Majani yamejaa na kuziba tundu za kutolea maji, kwa hiyo yanafurika na kushukia kwenye njia ya hewa. Zibua, mimina maji uone yanatokea chini ya gari. Mota iliyolowa itoe, ikaushe, uipime amp kabla ya kuirudisha. Na kabla msimu wa mvua haujaanza, toa majani hayo tena, hasa gari likilala chini ya mti.

*Shikamoo. Kioo kinajaa ukungu hata feni ikiwa nzima. Nizime AC kwa sababu nje kuna baridi?*

Marahaba. Iwashe. Evaporeta inanyonya unyevu wa hewa, maji yanadondoka chini ya gari, hewa kavu inakwenda kwenye kioo. Weka AC pamoja na joto, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, na weka kitufe kwenye hewa ya nje, siyo ile inayozunguka ndani. Ikichelewa kufuta, filta ndiyo ya kwanza kuitazama.