Kabla Hujahesabu Pointi, Itazame Chupa

Mzee wa miaka 58 kutoka Sengerema aliletwa na mwanawe, saratani ya figo imeshafika kwenye mapafu. Majibu yake ya damu yalitoka maabara nyingine: kalsiamu 2.48 mmol/L, haina alama yoyote pembeni ya kuonyesha imezidi. Daktari kijana akahesabu pointi mbili za kukadiria hatari ya ugonjwa, akaandika "hatari ya kati". Niko maabara hapa Mwanza mwaka wa kumi na nne sasa, na jicho langu likashuka mistari miwili chini: albumini, ile protini ya damu, 26 g/L. Nikampigia simu kumuuliza kama ameirekebisha hiyo kalsiamu kulingana na albumini. Alikuwa hajairekebisha. Kumbe mzee alikuwa na pointi tatu, na kundi lake likabadilika.

Nawaandikia matabibu na madaktari mnaoanza kazi. Damu haigundui saratani ya figo. Hiyo ni kazi ya CT na kinyama kinachopelekwa patholojia. Damu inatusaidia kukadiria ugonjwa uliokwisha sambaa utaelekea wapi.

Mfumo wa makadirio hayo ninaowaomba muushike ni IMDC, uliotolewa mwaka 2009 na Daniel Heng wa Calgary, Kanada, na wenzake. Una pointi sita, nne zikiwa za damu: himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya kiwango cha kawaida, kalsiamu iliyorekebishwa juu ya kiwango, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) juu, na chembe sahani (zinazogandisha damu) juu. Mbili hazitoki kwenye chupa. Moja ni mgonjwa kuanza dawa kabla ya mwaka kuisha tangu agundulike. Nyingine ni Karnofsky, kipimo cha uwezo wa mgonjwa kufanya shughuli zake, chini ya 80: anayefanya shughuli zake kwa kujikaza ni 80, anayejihudumia mwenyewe lakini shamba limemshinda ni 70. Hilo muulize aliyemleta, maana mgonjwa akimwona daktari hujikakamua. Asiye na pointi ana hatari ndogo, mwenye 1 au 2 ya kati, mwenye 3 na kuendelea kubwa.

Namba hizi hazikuokotwa tu. Uvimbe huchochea mwili utoe interlukini-6, kemikali ya uchochezi, na hiyo huliamuru ini litengeneze homoni ya hepsidini. Hepsidini inafungia madini ya chuma ghalani, damu inapungua hata kama mgonjwa anakula matembele kila siku. Interlukini hiyo hiyo inausukuma uboho utoe chembe sahani kwa wingi. Kalsiamu nayo hupanda kwa sababu uvimbe unaweza kutoa protini inayoiga homoni ya parathairoidi, ile inayopandisha kalsiamu, au umeshaingia kwenye mifupa.

Sasa kalsiamu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu imeshikwa na protini, hasa albumini. Albumini ikishuka, jumla ya kalsiamu inaonekana ndogo, huku ile iliyo huru, inayofanya kazi mwilini, imejaa tele. Kuirekebisha, chukua 40, toa albumini. Kwa mzee wetu, 40 toa 26 ni 14. Zidisha kwa 0.02, unapata 0.28. Jumlisha na 2.48, inakuwa 2.76. Mwisho wa kawaida kwetu ni 2.60. Kama maabara yako inatoa kalsiamu kwa mg/dL na albumini kwa g/dL, toa albumini kwenye 4, zidisha kwa 0.8, kisha jumlisha.

Hesabu hiyo haina maana kama damu ilichukuliwa vibaya. Ukifunga mpira mkononi zaidi ya dakika moja, protini hujikusanya na kalsiamu inapanda kwa uongo. Usimimine damu ya chupa ya zambarau kwenye chupa nyingine kwa sababu haikutosha: ile EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo ndani yake, inaishika kalsiamu, na jibu linashuka. Na ukiisukuma damu kwa nguvu kupitia sindano, chembe nyekundu zinapasuka. Ukiona serumu, yale maji ya damu, imekuwa na rangi ya juisi ya rosela, usiiamini LDH yake, kimeng'enya kinachomwagika chembe zikipasuka. LDH haimo kwenye IMDC, lakini imo kwenye mfumo wa zamani wa Robert Motzer wa New York, pale inapozidi mara moja na nusu ya kiwango cha juu.

Uliza pia damu ilichukuliwa lini. Malaria inashusha himoglobini na chembe sahani. UTI inapandisha nyutrofili, na deksamethasoni, dawa ya steroidi, vilevile. Mgonjwa akishaongezewa chupa mbili za damu, pointi ya himoglobini inaweza kujificha.

Wengine hugawa nyutrofili kwa limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe. Nyutrofili 6.3 kwa limfosaiti 1.4 ni 4.5, na uwiano mkubwa ni dalili mbaya. Uutumie, ila kwa uangalifu: Waafrika wengi hatuna antijeni ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na nyutrofili zetu huwa chache kwa asili. Mipaka iliyowekwa kwa Wazungu inaweza kumpa mgonjwa wetu unafuu asiokuwa nao.

Kuhusu miezi, tafadhali sana. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulionyesha nusu ya wagonjwa wa hatari ndogo waliishi zaidi ya miezi 43.2, wa kati 22.5, wa hatari kubwa 7.8. Hao walitibiwa kwa dawa za kuzuia mishipa ya damu ya uvimbe, kabla dawa za kuamsha kinga hazijaenea. Usimtajie mtu mwezi wake wa kufa kutoka kwenye jedwali hilo.

Yule mzee tulimchukua damu upya, mpira ukalegezwa mara tu sindano ilipoingia. Ikatoka 2.74 baada ya kurekebishwa. Kumbe wiki tatu alikuwa hapati choo na kiu haimwishi, dalili za kalsiamu kuzidi, mwanawe akidhani ni joto la Mwanza. Jioni ile alitundikiwa dripu ya maji, na kesho yake mchana akaomba uji.