Namba ya chasisi na kadi katika picha moja

Unapouza gari la kale la michezo lililokaa katika familia moja kwa miaka mingi, piga picha inayoonyesha namba ya chasisi na kadi ya gari kwa pamoja. Nimejifunza hili hapa Moshi tulipokuwa tukiliandaa gari la marehemu babu, Datsun 240Z, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Namba yake imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na abiria. Ifute grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, iache ikauke, ipake chaki nyeupe, kisha imulike kwa tochi kutoka ubavuni, na kila tarakimu itasomeka. Usitumie msasa kamwe, kwa sababu mikwaruzo mipya humfanya mnunuzi ashuku kwamba namba imechezewa. Mnunuzi wa gari la namna hii hulipia uthibitisho kuwa ni lilelile la tangu mwanzo, na picha hiyo humtoa shaka kabla hajafunga safari kutoka Dar es Salaam. Haitasaidia, hata hivyo, ikiwa kadi ingali na jina la marehemu na mahakama haijateua msimamizi wa mirathi. Hapo anzeni na mirathi.