Postikadi za Wachoraji: Kuzisoma na Kuzitunza Kisumu

Ukirithi bunda la postikadi walizotumiana wachoraji, usizipange kwa uzuri wa picha. Zipange kwa mtumaji, halafu kwa tarehe. Bunda hilo lina kadi alizopokea mzee uliyemrithi, si alizoandika. Majibu yake yako kwa jamaa za rafiki yake, pengine Nakuru au Kampala. Watafute kabla hawajachoma makaratasi ya rafiki huyo.

Tarehe itafute kwenye muhuri wa posta. Ukiwa umefifia, zima taa na umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ukiambaa juu ya kadi: alama ya chuma cha muhuri na mikwaruzo ya penseli hujitokeza. Stempu hukupa mwanzo tu. Ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye sura ya Mfalme George wa Sita haikutoka kabla ya 1937, ila mtu aliweza kuibandika miaka kadhaa baadaye. Kwa kadi ya Uingereza, maneno yakiwa yamebanwa kuzunguka picha na nyuma kuna anwani peke yake, huenda ni ya kabla ya 1902.

Usiloweke kadi ili kubandua stempu. Wino hutiririka na nusu ya muhuri huondoka nayo.

Picha nazo ni ushahidi. Mchoraji Mjerumani Franz Marc alimchorea mshairi Else Lasker-Schüler farasi wa buluu kwenye postikadi ya salamu za mwaka mpya wa 1913. Mchoro wake mkubwa wa mafuta wa wazo hilohilo haujulikani ulipo tangu 1945, kadi ingalipo.

Skani pande zote mbili kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), hata upande unaoonekana mtupu. Nakili maneno yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia na Kijaluo kilichochanganywa na Kiswahili. Ukisahihisha, unafuta sauti ya mwandishi. Namba unayoipa kila kadi iandike pembeni nyuma kwa penseli laini ya 2B, bila kukandamiza. Wino wa biro hautoki tena.

Selotepu ni adui mkubwa kuliko mende: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya karatasi. Laminesheni pia usiguse, haibanduki.

Hewa ya ziwani ina unyevu, na ukungu hustawi unyevu ukizidi asilimia 65. Tia kila kadi kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kisha kwenye boksi imara juu ya rafu: mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa, mbali na dari ya mabati kwa sababu ya joto. Kadi yenye ukungu itenge, ikauke kivulini penye upepo, ndipo uipanguse nje kwa brashi laini, ukiwa na barakoa. Ikiwa bado mbichi, brashi inausugua ukungu ndani.

Kabla ya kuchapisha maneno, omba ruhusa. Kadi ni yako, lakini kwa sheria ya Kenya haki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufa.