Klabu haijakulipa miezi kadhaa? Usibebe begi kwanza, fuata hatua hizi

Nasimamia kesi za wachezaji mpira na kinachoniuma kuliko vyote ni mchezaji mwenye haki yake kabisa anapoteza kesi sababu alitoroka kambini kabla hajaandika hata barua moja. Wadogo zangu someni taratibu, na kama una mwenzio anadai mtumie.

Hatua ya 1: Shika mkataba wako
Namaanisha mkataba wote, kurasa zote zimesainiwa, sio kipicha cha ukurasa wa mwisho alichokurushia meneja WhatsApp. Siku unayosaini ondoka na nakala yako, wakikwambia "tutakutumia" kaa hapohapo usubiri. Mnakumbuka ishu ya mchezaji Bernard Morrison na klabu yake Yanga 2020, ubishi ulikuwa alisaini mkataba mpya au hakusaini, ikatoka TFF (shirikisho la mpira Tanzania) ikaenda mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, na imekuja kuisha 2021, Morrison akashinda.

Hatua ya 2: Piga hesabu
Nenda benki chukua stetimenti yenye muhuri, andika mwezi gani umelipwa na upi bado, na hela ya usajili iliyobaki weka pembeni yake. Kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA kinataka uwe unadai angalau mishahara ya miezi miwili ndo uvunje mkataba. Ukidai mmoja unaweza kuudai ndio, ila usivunje mkataba kwa kifungu hiki.

Hatua ya 3: Barua ya madai
Hapa ndo wengi wanaanguka. Barua iseme unadai shilingi ngapi, za miezi ipi, zilipwe akaunti gani, na uwape siku zisizopungua 15 wakulipe zote. Itume kwenye imeili rasmi ya klabu, afu peleka na ya mkononi isainiwe kwenye dispachi (kitabu cha kupokelea barua). Nilishampokea mchezaji ana chati za miezi mitano na mhasibu, "vumilia mdogo wangu, wiki ijayo", lakini barua hamna hata moja na alishaondoka zamani, ile kesi tuliihangaikia sana na bado hakupata alichostahili.

Na ndani ya hizo siku 15 nenda mazoezini kila siku!! Najua inauma kukimbia na njaa huku kodi ya nyumba inakusubiri, lakini ukikosa siku mbili tu wanakuandikia barua ya utoro na wewe unageuka mkosaji. Katibu akipiga simu muitikie kwa heshima, mwambie "naomba uniandikie kiongozi".

Hatua ya 4: Barua ya kuvunja mkataba
Siku zimeisha hela haijaingia, sasa andika ya pili, taja ile ya kwanza na sababu. Wakilipa zote kabla ya muda mkataba unaendelea, rudi kazini. Wakilipa nusu jibu kwa maandishi kwamba umepokea kiasi hiki na bado unadai kiasi hiki. Usijiamulie tu kama njia ya Fei Toto (Feisal Salum) alipokuwa mchezaji wa Yanga, Desemba 2022 aliiwekea klabu shilingi milioni 112 za kuvunja mkataba akijua kamaliza, TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, mpaka klabu zilipoelewana katikati ya 2023 ndo akaenda Azam.

Hatua ya 5: Fungua kesi
Mtanzania kwenye klabu ya Tanzania unaanzia TFF, Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji. Kama ni mgeni hapa, au ni Mtanzania unacheza nje, unaenda FIFA kwa mtandao, mchezaji halipi ada, na usizidishe miaka miwili tangu mgogoro utokee. Mkataba wa Kiswahili utafsiriwe kwanza.

Hatua ya 6: Baada ya hukumu
FIFA ikikupa uamuzi bila sababu una siku 10 za kuziomba, zikipita umeukubali. Ukishapata sababu, rufaa CAS ni siku 21. Ukishinda jaza fomu ya akaunti ya benki uitume mapema, klabu ina siku 45 kulipa, isipolipa inafungiwa kusajili, kifungo kinaweza kufika madirisha matatu ya usajili. Dirisha likikaribia wataanza kukupigia wenyewe wakiomba usaini kwamba mmemalizana, usisaini mpaka uione hela kwenye akaunti yako.